Uvuvi wa Kujifurahisha na Haki ya Bahari

Mtu mwenye njaa akienda baharini kuvua, njaa yake humtetea. Hapana mwenye haki ya kumwuliza kwa nini amemtoa samaki majini, kwa sababu jibu limo chunguni mwake na katika macho ya watoto wake. Lakini mtu aliyeshiba akishika mshipi na chambo, akaenda zake pwani jioni ya Jumamosi kutafuta furaha, ni nani atakayemtetea? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji wangu. Je, ni haki kuua kiumbe kwa ajili ya kujifurahisha? Na ikiwa ni haki, mpaka wake uko wapi?

Usidhani kuwa swali hili ni la watu wa pwani peke yao. Wewe uliyezaliwa kando ya mto Nzoia, au katika nchi kavu ambako bahari husomwa katika ramani tu, nawe unayo bahari yako. Labda ni kichaka ambamo wavulana huwinda ndege kwa manati. Labda ni kijito ambamo vitoto vya samaki hukamatwa na kuachwa juu ya mawe kwa mzaha. Kila mahali pana kiumbe kisicho na mtetezi, na pana mtu mwenye wakati wa kupoteza. Mimi nitasema habari za bandari kwa sababu ni bandari niliyoikosea.

Kabla ya kuhukumu jambo yafaa kulijua. Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na bahari kwa mikono miwili. Upande mmoja ni Kilindini, ambako kina cha maji ndicho kilichopapa mahali jina lake, na ambako meli kubwa hutia nanga. Upande wa pili maji hupita chini ya kuta za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hupita Bandari ya Kale ya majahazi, kisha huingia barani kwa jina la hori ya Tudor. Huko ndani kingo zimeota mikoko, na maji yakipwa hubaki matope meusi, kaa na ndege wenye miguu mirefu. Siku za mapumziko utawaona watu wa kila kazi wameketi juu ya miamba na magati: makarani, mafundi, madereva, wanafunzi na walimu. Wengi wao hawavui kwa kuuza. Wamechoka na kelele za juma zima, nao wamekuja kusikiliza maji.

Furaha yao haimo katika samaki peke yake. Imo katika elimu pia. Mvuvi wa bandari hana budi kuusoma mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hupata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa katika Mombasa huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, bahari hupata maji mafu, yaendayo polepole kama mtu asiye na safari. Kila siku maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Asiyejua hesabu hii hufika pwani akakuta matope mahali pa maji. Pepo nazo zina zamu zao. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, bahari ya nje huchafuka, na mvuvi mwenye busara hubaki ndani ya bandari. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka, mawimbi hutulia na maji huwa meupe hata mshipi uonekane. Mvua za masika huleta udongo kutoka barani, maji ya hori hugeuka rangi, na ndipo wenyeji husema kuwa kamba wako karibu.

Nataka umjue kamba huyu, maana ndiye shahidi wangu. Kamba jike hutaga mayai yake baharini, mbali na kingo. Mayai yakianguliwa, vitoto vyake, ambavyo ni vigumu kuonekana kwa macho, huchukuliwa na maji ya kujaa mpaka ndani ya hori. Humo hujificha katika mizizi ya mikoko na katika maji ya chumvi yaliyochanganyika na maji ya mito. Hula, hukua kwa miezi michache, kisha hurudi baharini kuwa wazazi kwa zamu yao. Basi hori si mahali pa kuvulia tu. Ni chumba cha malezi. Mtu anayetupa humo wavu wa matundu madogo anautupa juu ya kitanda cha mtoto mchanga.

Mimi sikuyajua hayo nilipotoka chuo cha ualimu na kupewa kazi katika shule iliyo karibu na maji. Mwalimu mwenzangu alinunua kimia, yaani wavu wa kurusha kwa mkono wenye vizito vya risasi pembeni, akanifundisha kukitupa. Usiku mmoja wa bamvua, baada ya mvua kubwa, tulishuka horini na taa. Kamba walikuwa wengi ajabu. Macho yao yaling'aa katika mwanga kama makaa. Kila tulipotupa kimia kilirudi kizito. Ndoo ya kwanza ilipojaa ilitupasa tuache, kwa kuwa nyumba zetu mbili zisingeweza kula zaidi ya hiyo. Hatukuacha. Tulicheka, tukahesabu, tukashindana. Kwa kweli hatukuwa tunavua kamba tena. Tulikuwa tunavua sifa. Tulirudi alfajiri na ndoo 3, na wengi katika ndoo ya mwisho hawakuwa wakubwa kuliko kidole cha mtoto.

Hatukuwa na barafu. Tuliwagawia majirani, na majirani walishukuru. Lakini ilipofika adhuhuri ndoo moja na nusu ilikuwa imeharibika. Harufu yake ilinitia aibu. Nikachukua jembe, nikachimba shimo chini ya mnazi nyuma ya nyumba, nikaanza kuwafukia.

Alipita jirani yangu mmoja, mzee aliyeishi kwa dema na mshipi tangu ujana wake. Kikapu chake siku ile kilikuwa chepesi mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Unazika nini?"

"Kamba, mzee."

Akalitazama shimo, akaitazama ndoo. "Maskini! Walikuwa wagonjwa?"

"La, mzee. Hawakuwa wagonjwa."

"Basi walikufa kwa nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Naye hakungoja jibu. Akaenda zake taratibu, kikapu chake kikimpigapiga gotini. Kazi ya mwalimu ni kuuliza maswali, nami nilikuwa nimefundishwa kuyauliza vyema. Siku ile nilijua mtu huwa mdogo namna gani anapoulizwa swali moja tu la haki. Tangu siku ile nimejaribu kumjibu mzee yule, nami nimeziona hoja zangu zikianguka moja baada ya moja.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa kwamba bahari ni kubwa, na ndoo ya mtu mmoja haiwezi kuipunguza. Hoja hii ina uzuri wa kusikika, lakini haina miguu. Bahari ni kubwa kweli. Hori ni ndogo. Tena wanaosema maneno haya ni wengi, na kila mmoja husema juu ya ndoo yake pekee. Wahenga walinena kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali. Aliyechovya mara ya mwisho hakula zaidi ya wenziwe, lakini buyu limekauka mkononi mwake. Nchi yetu imekwisha kuliona jambo hili kwa macho. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ambako mto Tana humwaga maji yake, meli za kukokota nyavu zilivua kamba kwa miaka mingi. Ziliwazoa pamoja nao samaki wadogo wasiotakiwa, wakatupwa baharini wamekufa, na nyavu za wavuvi wadogo zikakatwa. Ugomvi ulikua mpaka uvuvi wa meli hizo ukasimamishwa mwaka 2006, nazo hazikurudi ila baada ya miaka kadhaa na kwa masharti mapya. Ikiwa ghuba nzima yaweza kuchoka, hori itakosaje kuchoka?

Na hori hii imebeba mizigo mingine ambayo si ya wavuvi. Kwa miaka mingi taka za mji zilitupwa Kibarani, kando ya maji. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika Kilindini, na mikoko ya Port Reitz ikaumia. Tuta la Makupa, lililounganisha kisiwa na bara, liliyazuia maji ya Tudor na ya Port Reitz yasikutane, hata daraja lilipofunguliwa mwaka 2022. Mtu akisikia haya husema upesi: "Waharibifu ni wenye meli na wenye viwanda, mimi ni nani na kindoo changu?" Nami nilisema hivyo. Lakini mgonjwa aliyepigwa na watu kumi hapati nafuu kwa kofi la mtu wa kumi na moja, hata kofi hilo likiwa dogo. Maovu ya wakubwa si ruhusa ya maovu yetu. Yangekuwa ni sababu ya kututia huruma zaidi.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba bahari haina mwenyewe. Niliiona hoja hii kuwa ngome. Shamba lina mpaka, mbuzi ana alama sikioni, lakini kamba ni wa yule aliyemfikia kwanza. Siku moja nilishuka horini mchana, maji yakiwa yamepwa. Nikawaona wanawake wawili wameingia majini mpaka kiunoni, wameshika pembe za kitambaa kipana, wanakwenda hatua kwa hatua pamoja kama watu wanaotandika kitanda. Walikuwa wakivua uduvi, wale kamba wadogo sana wanaokaushwa juani na kuuzwa kwa vipimo sokoni. Kutwa nzima waliinama. Ndipo nilipofahamu kuwa kitu kisicho na mwenyewe mmoja hakikosi wenyewe. Wenyewe wake ni wengi. Mimi nilipoharibu ndoo na nusu sikuharibu mali isiyo na mtu. Niliharibu sehemu ya kitoweo cha watu ambao sikuwauliza. Mshahara wangu ulikuwa unaningoja mwisho wa mwezi, ndoo ijae isijae. Wao walingojewa na kodi ya nyumba na karo ya watoto, ambao baadhi yao huenda walikuwa wanafunzi wangu.

Hapa iko tofauti kubwa baina ya mvuvi wa riziki na mvuvi wa starehe. Watu wengi hudhani kuwa mvuvi wa starehe yu huru zaidi, kwa kuwa anacheza tu. Mimi naona ni kinyume. Mwenye njaa ana hiari ndogo, na kwa hiyo lawama yake ni ndogo. Aliyeshiba ana hiari kamili: aweza kwenda au asiende, aweza kuacha saa yoyote, na hapana mtoto atakayelala na njaa kwa sababu ameacha. Kadiri hiari inavyozidi ndivyo wajibu unavyozidi. Sheria imejaribu kuwazuia wenye haja wasiiharibu bahari. Mwaka 2001, kwa mfano, juya la kukokota pwani na bunduki ya mkuki zilipigwa marufuku. Ikiwa maskini ameambiwa aache chombo kinachomlisha, mtu wa starehe atathubutuje kukataa kuacha kitu kinachomchekesha?

Hoja ya tatu ni ya siri zaidi, nayo ni kwamba samaki hasikii maumivu. Wanyama wa baharini hawapigi kelele, na ukimya wao umetustarehesha siku nyingi. Wataalamu wamelibishania jambo hili, na wengi wao siku hizi husema kuwa dalili za maumivu zipo. Mimi si mtaalamu. Lakini najua kuwa penye shaka, huruma haina gharama kubwa: samaki atakayeliwa na auawe mara moja, asiachwe akihema juani saa nzima mtu akipiga soga. Tuna methali isemayo kuwa hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, kwa maana mkizi akighadhibika huruka na kuangukia chomboni. Methali hii hutufunza kuizuia hasira. Nami huisoma kwa upande wa pili pia: furaha yangu imetoka katika hasira ya mwingine, na kitu kilichonunuliwa kwa bei hiyo hakifai kuchezewa.

Wako waliotafuta njia ya kati. Katika bahari ya Malindi na Watamu, ambako wageni wenye mali wamefuata samaki wakubwa tangu zamani, na ambako mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alivua mwaka 1934, sulisuli wengi siku hizi hutiwa alama wakaachiliwa waende zao. Je, huyu ana huruma kuliko yule amwuaye akamla? Fikiri, msomaji, usijibu upesi. Aachiliaye ameihifadhi jamii ya sulisuli, na alama ile huwafunza wataalamu safari zake. Hilo ni jema. Lakini amemtesa mmoja pasipo kumhitaji. Alaye amemkatisha mmoja uhai, lakini amempa mauti yenye maana. Mimi sioni kuwa mmoja ni mtakatifu na mwingine ni mwovu. Naona kila mmoja anadaiwa sababu, na ole wake yule asiyeachilia wala asiyekula.

Basi, je, tuupige marufuku uvuvi wa furaha? Wapo wenye nyoyo safi watakaosema ndiyo. Mimi sisemi hivyo. Furaha ni haki ya mwanadamu, na karani aliyekaa chini ya paa la mabati siku 5 ana haki ya kuketi juu ya mwamba siku ya 6. Mshipi humfunza kijana subira ambayo kiboko hakiwezi kumfunza. Humfunza kuwa juhudi haina ahadi ya malipo, na kuwa yako mambo makubwa kuliko haraka yake. Tena mtu hupenda kile anachokijua. Wale wanaolalamika mikoko inapokatwa na maji yanapochafuliwa ni wale waliowahi kukaa kando ya maji hayo. Mji ukikosa watu wenye mazoea na bahari yao, bahari itakufa bila mtu wa kuililia. Kosa langu halikuwa kwamba nilifurahi. Nilikosa kwa kuiacha furaha ikae mahali pa kipimo.

Kipimo chenyewe hakihitaji kitabu kikubwa. Kimo katika swali la mzee: walikufa kwa nini? Kabla hujatupa wavu, jiulize utakalojibu. Ukiweza kusema, "Walikufa tukala," umejibu. Ukiweza kusema, "Walikufa nikampa jirani akala," umejibu vizuri zaidi. Lakini kama jibu lako litakuwa, "Walikufa kwa sababu nilikuwa naona raha na sikutaka kuacha," basi acha kabla hujaanza. Swali hili lataka ujue, maana asiyejua hori ni chumba cha malezi hawezi kujua anachoua. Lataka uhesabu vinywa vya nyumbani kabla ya kuhesabu sifa za barazani. Lataka umrudishe mdogo majini angali hai, wala si kwa sababu askari anakutazama. Usiku horini hapana askari. Sheria yaweza kupima matundu ya wavu. Haiwezi kupima moyo wa mtu aliyesimama gizani na ndoo iliyojaa, anayeona kuwa ya pili nayo yaweza kujaa.

Mimi sijaacha kuvua. Nilinunua ndoo ndogo, na hiyo ndiyo sheria yangu: ikijaa narudi nyumbani, hata kamba wangecheza miguuni pangu. Usiku wa kwanza haikuwa rahisi. Nilisimama majini nikiyatazama macho yao mekundu yakipita katika mwanga wa taa, na mkono ulikuwa ukiwasha. Nikarudi. Njiani alfajiri nilikutana na mzee akienda kutazama madema yake. Nikamwamkia. Aliinua taa yake, akachungulia ndani ya ndoo kwa muda, akatikisa kichwa.

"Leo hapana maziko, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Sijapata kusifiwa kwa maneno yaliyonifurahisha kuliko hayo. Nawe, kijana usomaye, siku moja utasimama mbele ya kitu kingi kisicho na mlinzi: maji, msitu, fedha za umma, au watu walio chini ya amri yako. Utakuwa umeshiba, na hapana atakayekuzuia. Siku hiyo kumbuka kuwa yuko mtu atakayepita nyuma ya nyumba yako na kukuuliza swali fupi. Ishi hivi kwamba uweze kumjibu.